Mahindi Juani, Dawa Kivulini

Kwa wale wasiopajua, Rapsu ni kijiji cha Kaunti ya Isiolo, upande wa Kinna, si mbali na Mbuga ya Taifa ya Meru. Wenyeji wengi ni Waborana, wafugaji tangu jadi, lakini Rapsu ina mradi wa kunyunyizia maji mashamba, basi nasi tunalima mahindi kama watu wengine. Jua letu si la mchezo. Mstari wa ikweta uko karibu, mawingu ni haba, na ikifika saa sita mchana hata mbuzi huacha kula akatafuta mti. Nimeanza na jua kwa sababu jua ndilo lililonitia aibu, na aibu hiyo ndiyo iliyonifunza haya ninayotaka kukueleza: kwamba mwanga unaweza kuiua dawa ya miti shamba huku ukiiacha ikionekana dawa.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Mahindi yalikuwa yamevunwa, yamekauka, yamepukuchuliwa na kutiwa magunia. Nyumbani kwetu huchanganya mahindi na unga wa majani ya mwarobaini ili fukusi wasiyashambulie. Mama aliniagiza nichume majani, niyakaushe na kuyatwanga. Nyanya, ambaye sisi tunamwita akko, alinipa maagizo yake: "Yatandaze kivulini, ndani ya nyumba penye upepo. Uyageuze asubuhi na jioni. Siku tano hivi yatakuwa tayari."

Siku tano! Mimi nilikuwa na mechi ya kandanda Jumamosi. Nikawaza, jua lote hili la bure, ya nini kungoja kivulini? Nikapanda juu ya paa nikayamwaga majani yote kwenye mabati. Kufikia jioni ya siku ya pili yalikuwa yamekauka hadi yanavunjika mkononi kama karatasi. Niliona nimemshinda nyanya kwa akili. Nikayatwanga, nikayachanganya na mahindi ya gunia moja. Magunia mengine yalitiwa unga alioukausha nyanya mwenyewe.

Gunia langu ndilo lililokuwa liuzwe muhula wa tatu ili nilipiwe karo iliyosalia.

Mama alipolifungua, fukusi walikuwa wanatembea juu ya mahindi kama wenye nyumba. Punje zilikuwa na matundu, na chini ya gunia palijaa vumbi la unga. Mnunuzi aliingiza mkono, akautoa, akaunusa, akaondoka. Magunia ya nyanya yalikuwa salama. Nyanya hakunigombeza. Alisema maneno machache tu: "Jua ni la ngozi na nyama, mjukuu wangu. Dawa haipendi kutazamwa na jua." Wahenga nao walikwisha sema: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mguu wangu ulikuwa mzima, lakini karo ilikuwa imevunjika.

JE, NI MWANGA AU NI JOTO?

Nilirudi shule na swali moja kichwani. Gunia moja halitoshi kuwa ushahidi. Labda mahindi yangu yaliingia fukusi tangu shambani. Labda gunia lilikuwa na tundu. Na hata kama ni majani yaliyopoteza nguvu, huenda ni joto la mabati lililoyaharibu, wala si mwanga. Jua hutuletea vyote viwili pamoja, utavitenganishaje?

Mwalimu wetu wa sayansi alinishauri nifanye jaribio dogo, na hata wewe msomaji unaweza kulifanya bwenini. Nilichukua majani ya mwarobaini yaliyokaushwa vizuri kivulini, nikayatwanga na kuyagawa mafungu matatu. Fungu la kwanza nililitia katika chupa ya kioo cheupe nikaiweka dirishani. La pili nililitia katika chupa ya namna ile ile, lakini nikaizungushia nguo nyeusi nzito mara mbili, nikaiweka dirishani papo hapo kando ya mwenzake. La tatu nililifungia katika mkebe wa bati ndani ya kabati.

Kwa nini nguo nyeusi? Kwa sababu cheusi hunywa joto. Ukiigusa chupa ya pili adhuhuri ilikuwa moto kuishinda ya kwanza. Kwa hiyo kama joto ndilo adui, chupa ya pili ndiyo ingeharibika zaidi.

Baada ya mwezi mmoja nilizifungua mbele ya wenzangu wa chama. Unga wa chupa ya kwanza ulikuwa umepauka, umekuwa manjano ya nyasi kavu, hasa upande ulioelekea nje. Unga wa chupa ya pili, ile yenye joto zaidi, ulikuwa kijani. Wa mkebe nao ulikuwa kijani. Kumbe basi kilichoubadilisha ule wa kwanza ni mwanga!

Hapa lazima niseme kweli. Rangi ya kijani si dawa. Rangi ile ni ya klorofili, na shule yetu haina mitambo ya kupima dawa yenyewe iliyomo. Niliuonja unga wa chupa ya kwanza, nao ulikuwa bado mchungu. Kwa hiyo uchungu nao usikudanganye, maana jani la mwarobaini lina vitu vichungu vingi, na kimoja kikifa vingine husalia. Rangi ni shahidi tu: inatuambia kwamba mwanga umeingia humo ndani na kuvunjavunja vitu. Yaliyovunjika zaidi ya rangi, hayo wataalamu wameyapima, nami nitakueleza.

MWANGA UNAFANYA NINI NDANI YA JANI?

Tazama leso jekundu linaloanikwa kila siku upande mmoja. Tazama kalenda iliyobandikwa dirishani mwa duka: baada ya mwaka mmoja mtu aliyevaa shati jekundu amekuwa amevaa shati la rangi ya maziwa. Tazama karai la plastiki lililoachwa uani, jinsi linavyopasuka ukilishika. Hakuna aliyelipiga. Limepigwa na mwanga.

Mwanga husafiri umebeba nishati katika vifurushi vidogo sana. Vifurushi vya mwanga mwekundu vina nishati kidogo, vya bluu vina nishati zaidi, na vya urujuani zaidi tena. Kupita hapo kuna mwanga ambao macho yetu hayauoni, uitwao urujuanimno. Huo ndio unaochoma ngozi, na vifurushi vyake ni vizito kuliko vyote vinavyotufikia kutoka kwenye jua. Wanasayansi hupima mwanga kwa nanomita: tunaouona ni kati ya takriban 400 na 700, na urujuanimno ni chini ya 400. Kadiri namba inavyopungua, ndivyo kifurushi kinavyozidi kuwa na nguvu.

Sasa, si kila mwanga unaopita karibu na kitu unakidhuru. Tangu mwaka 1817 mwanasayansi Theodor Grotthuss alieleza kanuni iliyo rahisi sana: mwanga unaoweza kubadilisha kitu ni ule tu ambao kitu hicho kimeumeza. Dawa zilizomo katika majani ni molekuli, yaani atomi zilizofungamana. Fikiria nyumba yetu ya jadi ya Kiborana, fito zilizopindwa na kufungwa kwa kamba. Kila kamba ni kifungo kati ya atomi na atomi. Molekuli ikimeza kifurushi chenye nguvu ya kutosha, kamba hukatika, au fito hujipinda upande mwingine. Fito zote bado zipo, hakuna iliyoibwa, lakini ile si nyumba tena. Vivyo hivyo jani halipungui uzito, ila kilichomo ndani si kile ulichochuma.

Kuna njia ya pili, nayo ni ya hila zaidi. Klorofili ni bingwa wa kumeza mwanga, ndiyo kazi yake. Jani likiwa hai, nishati hiyo hutengeneza chakula cha mti, na inayozidi hutulizwa na walinzi, yaani zile rangi za manjano zilizo jamaa ya rangi ya karoti. Jani likichumwa, kiwanda kinafungwa lakini klorofili inaendelea kumeza mwanga. Nishati haina pa kwenda. Klorofili huikabidhi kwa oksijeni ya hewa, na oksijeni iliyochangamshwa hivyo huwa kali, inashambulia molekuli zilizo jirani. Walinzi nao huliwa mmoja mmoja, na hakuna wa kuwarudisha kazini kwa maana jani limekufa. Ndiyo sababu jani lililo mtini hukaa juani miezi na miezi bila kudhurika, lakini lile lile likichumwa linaharibika.

Turudi kwa mwarobaini. Silaha yake kubwa dhidi ya wadudu ni molekuli iitwayo azadiraktini, iliyotenganishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1968. Ni molekuli kubwa, yenye atomi 35 za kaboni, 44 za haidrojeni na 16 za oksijeni, imepindana kiasi kwamba kundi la wanakemia wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, lilifanya kazi miaka 22 ndipo likafaulu kuiunda maabarani mwaka 2007. Mti unaoota kando ya choo chetu huiunda kila siku bila makelele! Nguvu ya mwarobaini ilimshangaza mtaalamu wa Kijerumani, Heinrich Schmutterer, mwaka 1959 kule Sudan, alipoona nzige wamekula kila jani ila la mwarobaini. Sisi wa Isiolo tunajua maana ya hayo, kwani nzige walipovamia Kenya mwishoni mwa 2019 kaunti yetu ilikuwa miongoni mwa zilizoumia.

Lakini silaha hii ina udhaifu mmoja: haiwezi kustahimili mwanga wa jua. Dawa ya mwarobaini ikinyunyizwa juu ya mimea, azadiraktini hupungua upesi na baada ya siku chache huwa hafifu. Ndiyo maana wakulima hushauriwa kuinyunyiza jioni. Nami niliiweka juu ya bati linalong'aa, chini ya jua la Rapsu, siku mbili nzima. Nilikuwa kama mtu anayenoa panga kisha akalitia kutu kabla ya kwenda shambani.

MASHAHIDI WENGINE

Usidhani haya ni ya mwarobaini peke yake, au ni mambo ya nyanya wa Rapsu tu. Miongoni mwa mashahidi wa zamani ni Louis Pasteur, yule Mfaransa mashuhuri. Mwaka 1853, alipokuwa akichunguza kwinini inayotoka kwenye magamba ya mti wa sinkona, aligundua kwamba chumvi za kwinini zikiwekwa juani hugeuka rangi na kuharibika. Akaeleza kwamba hasara huanzia kule kule msituni, mkata magamba anapoyaanika juani ili yakauke, akashauri yalindwe na mwanga tangu yanapobanduliwa. Mti huo baadaye ulifika kwetu Afrika ya Mashariki. Wajerumani waliupanda Amani, katika milima ya Usambara, walikoanzisha taasisi ya utafiti mwaka 1902, na huko Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwinini imetengenezwa tangu enzi za Wabelgiji. Ati Pasteur na akko wangu walikubaliana, na hawakupata kuonana!

Shahidi wa pili yuko juu ya kitanda chako. Chandarua chenye dawa ya mbu kikifuliwa, tunaambiwa tukianike kivulini. Dawa zinazotiwa humo ni ndugu wa dawa ya pareto, ua ambalo Kenya ilisifika duniani kwa kulikuza. Dawa asilia ya pareto huharibiwa na jua kwa muda wa saa chache tu. Iliwabidi wanasayansi wa Rothamsted, Uingereza, waunde aina yake inayostahimili mwanga zaidi, wakafaulu mwaka 1973. Hata hivyo ustahimilivu una kikomo. Anayeanika chandarua chake juu ya ua wa miiba mchana kutwa anajitahidi kuwasaidia mbu.

Shahidi wa tatu ni chupa ya dawa ya zahanati. Umewahi kujiuliza kwa nini dawa nyingi za maji huja katika chupa za kahawia? Kioo cheupe cha dirisha huzuia sehemu tu ya urujuanimno na kupitisha iliyosalia, pamoja na mwanga wote wa bluu. Kioo cha kahawia huzuia karibu urujuanimno wote na sehemu kubwa ya bluu. Kile kioo si urembo, ni mwavuli.

Na shahidi wa nne ni maziwa. Maziwa yakiachwa juani katika chupa nyeupe hupoteza vitamini B2 na ladha yake hubadilika. Wazee wetu waliyatia katika gorfa, chombo kilichosukwa kikasokotwa mpaka hakipitishi maji wala mwanga. Hawakujua neno vitamini, lakini chombo walikijua.

SI KILA DAWA, WALA SI MWANGA PEKEE

Msomaji makini ataniuliza: je, kila mti wa dawa huharibika kwa mwanga kwa kiasi kile kile? La. Chukua mfano wa artemisia, mmea ambao hulimwa pia Kenya, Tanzania na Uganda. Mwaka 1972 Tu Youyou na wenzake kule Uchina walifaulu kutoa humo dawa ya malaria iitwayo artemisinini, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Hapa mambo ni kinyume kidogo. Artemisinini yenyewe ni ngumu kiasi mbele ya jua, na tena katika jani linalokauka mwanga na oksijeni husaidia kuigeuza molekuli nyingine kuwa artemisinini. Yaani ile oksijeni kali niliyoisema hapo juu, inayobomoa katika jani moja, inajenga katika jani jingine. Lakini hata katika artemisia, vitu vingine vyenye manufaa hupungua likikaushwa juani. Basi mwanga si shetani. Mwanga ni fundi mwenye nyundo, na nyundo hujenga na kubomoa kutegemea ulichokiweka mbele yake.

Pia mwanga una wenzake. Joto hurusha mafuta yenye harufu, ndiyo maana mrehani uliokauka juani haunukii. Hewa hugeuza vitu: kata jani la shubiri ya porini, ile tunayoiita hargesa, na utaona utomvu wa manjano ukigeuka kahawia. Muda nao ni adui. Majirani zetu wa milima ya Nyambene hufunga miraa kwa majani ya mgomba na magari hukimbia nayo kama yanafukuzwa, kwa sababu kiini chake kikuu huanza kupotea mara linapoanza kukauka. (Mwalimu asinielewe vibaya, siisifu miraa, natoa mfano tu!) Lakini kati ya maadui hawa wote, mwanga ndiye anayesahauliwa, kwa kuwa tumelelewa kuamini kuwa jua husafisha kila kitu.

TUFANYE NINI BASI?

Kwanza, chuma majani asubuhi umande ukishakauka, na yasafishe udongo. Usichume mengi kuliko unayoweza kuyatandaza.

Pili, yakaushe kivulini penye upepo, juu ya mkeka au wavu ulioinuliwa kutoka chini, tabaka moja jembamba, uyageuze kila siku. Kivuli hakimaanishi unyevunyevu. Majani yaliyorundikwa hushika ukungu, na ukungu una sumu zake. Mwaka 2004 watu 125 walikufa hapa Kenya, hasa upande wa Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yaliyoshikwa na ukungu wenye sumu. Kwa hiyo usiende nyumbani ukamwambia mama aanike mahindi kivulini eti umesoma gazetini! Mahindi ni chakula, yanataka jua mpaka yalie kama kokoto. Mahindi juani, dawa kivulini. Kila kitu na mahali pake.

Tatu, yakishakauka yatie katika mkebe wa bati, chungu chenye kifuniko au chupa ya kahawia. Kama una chupa nyeupe tu, ifunge kwa nguo nyeusi au gazeti na kuiweka kabatini. Ijaze, maana nafasi tupu ni hewa.

Nne, andika jina la mti na tarehe. Twanga kidogo kidogo unapohitaji, kwa kuwa unga hushikwa na mwanga na hewa upesi kuliko jani zima.

Tano, unaponunua sokoni, mtazame mwuzaji anaweka wapi bidhaa zake. Nimewaona wengine wamepanga chupa nyeupe za unga wa kila rangi juu ya meza, jua likiwamulika tangu asubuhi hadi magharibi, wiki baada ya wiki. Chupa zinapendeza, lakini wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Dawa nzuri haina haja ya kuanikwa ili ionekane. Mwambie kwa adabu, "Baba, naomba ile iliyomo sandukuni."

TAHADHARI

Nisingependa mtu amalize makala haya akidhani nimemwambia aache zahanati. Mwarobaini unaitwa hivyo kwa imani kwamba unatibu maradhi arobaini, lakini jina si cheti. Mafuta yake yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wadogo waliponyweshwa. Kuhusu artemisia, Shirika la Afya Duniani limekataa kabisa watu kutumia majani au chai yake kutibu malaria, na moja ya sababu ni hii hii ninayoieleza: huwezi kujua kiasi cha dawa kilichomo. Ukishikwa na homa, nenda ukapimwe damu.

Na hapa ndipo ubaya wa mwanga unapoonekana wazi. Dawa iliyooza hunuka, utaitupa. Dawa iliyomwagika utaiona haipo. Lakini dawa iliyouawa na mwanga inakaa palepale, ina uzito wake, ina uchungu wake, na mgonjwa anaitegemea. Anakunywa leo, anakunywa kesho, siku zinapita, ugonjwa unazidi, naye anasema "natumia dawa." Mwingine akiona haifanyi kazi anaongeza vijiko viwili, kisha siku moja anapata unga mpya uliokaushwa vizuri, anatumia vile vile vijiko vingi, na kinachomdhuru sasa ni nguvu. Mimi nilipoteza gunia la mahindi. Kuna anayeweza kupoteza zaidi ya hilo.

Nimalizie pale nilipoanzia. Karo yangu ililipwa, ila ililipwa kwa mbuzi wawili ambao hawakuwa wa kuuzwa mwaka ule. Mavuno yaliyofuata niliomba kazi ile ile ya majani. Mama alinitazama, akamtazama nyanya. Nyanya akanipa mkeka. Niliutandaza ndani, mahali panapopita upepo mbali na mlango, nikayageuza majani asubuhi na jioni siku tano. Siku ya tano nyanya alichukua jani moja, akalivunja, akalinusa kwa muda mrefu, kisha akaninyoshea mkebe nitie.

Kalamu yangu naitua hapa. Ukitoka darasani leo, angalia dirisha la bweni lenu: kama kuna mtu ameweka chupa yake ya dawa hapo, msaidie kuiondoa.